GB 20 zinaisha siku tatu na wanafunzi hawarudi: tufanyeje?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana katika kijiji cha kando ya ziwa, kaskazini mwa Kigoma mjini, huku tunakofika kwa boti. Serikali ya kijiji imetupa chumba. Tuna laptop nne zilizokwishatumika, paneli ya sola ya wati 200, betri moja ya maji ya Ah 100, inverta na ruta ya 4G. Nia yetu ni watu wasiojua mtandao waje wajifunze bure. GB 20 tulizoweka ziliisha siku tatu, umeme hukatika kabla ya jioni, na watu wazima waliokuja siku ya kwanza wengi hawajarudi. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu Katibu, shida zenu zinaonekana tatu lakini mzizi wake mkubwa ni mmoja: chumba chenu kinategemea intaneti kwa kila kitu, hata kwa kazi zisizohitaji intaneti. Katika kijiji kisicho na faiba, kila kinachoweza kupakuliwa mara moja kikahifadhiwa chumbani, kihifadhiwe chumbani. Bando libaki kwa yale machache yasiyowezekana bila mtandao: kutuma maombi, kupata namba ya malipo ya serikali, kuzungumza na mtoto aliye mbali. Mkilifuata hilo, hata siku mnara umelala mtakuwa na cha kufundisha.

Tuanze na GB 20 zilikokwenda. Wengi huwashuku vijana na video, na video kweli inakula. Lakini kuna mlaji asiyeonekana. Simu janja nyingi zimepangwa zisubiri Wi-Fi ndipo zisasishe programu zake na kupeleka picha kwenye hifadhi ya Google. Simu ambayo miezi yote imeishi kwa vibando vidogo imejilimbikizia foleni ndefu ya masasisho. Ikishika Wi-Fi yenu inaanza kuvuta, mwenye nayo akiwa ameiweka mfukoni anasubiri zamu yake. Simu kumi zikivuta GB moja kila moja, nusu ya bando imekwenda na hakuna aliyefungua kitu. Laptop zenye Windows ni hivyo hivyo. Sasisho moja kubwa la Windows ni GB kadhaa, na mnazo nne.

Kwa laptop dawa ni rahisi: kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila moja, washa kitufe kilichoandikwa Metered connection. Windows ikijua bando linapimwa, huahirisha masasisho mengi. Ila Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop za zamani nyingi haziwezi kupokea Windows 11. Kama zenu ni za namna hiyo, wekeni Linux Mint toleo la Xfce. Inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, haina gharama ya leseni, na haijisasishi bila ruhusa yenu. Mkiweza kubadilisha diski ya kuzunguka mkaweka SSD ya GB 240, laptop iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano itawaka ndani ya dakika moja.

Kwa simu za wageni huwezi kupita ukipanga moja moja. Hapo mnahitaji ruta ya pili, ndogo, inayogawa intaneti kwa vocha. MikroTik hAP lite inatosha: inatumia umeme usiozidi wati 3.5 na inawaka kwa waya wa USB wa kawaida wa simu. Chomeka waya wa mtandao kutoka ruta ya 4G kwenye tundu la kwanza la MikroTik, kisha zimeni Wi-Fi ya ruta ya 4G. Hatua hiyo husahaulika sana. Ikibaki imewaka, neno lake la siri litasambaa kijiji kizima kwa siku mbili, maana simu za sasa hushirikishana Wi-Fi kwa kupiga picha msimbo tu, na vocha zenu hazitakuwa na maana.

Ndani ya MikroTik endesha Hotspot Setup, halafu kwenye wasifu wa watumiaji weka kasi 512k/512k na mtumiaji mmoja kwa kila vocha. Kwa kasi hiyo ujumbe wa WhatsApp, barua pepe na tovuti za serikali zinakwenda. Video inashuka yenyewe hadi ubora wa chini kabisa, na hata mtu akivuta bila kupumua kwa saa nzima hawezi kuzidisha takriban MB 230. Kisha kila vocha ipe kikomo cha MB 100. Vocha kumi kwa siku, siku 20 za kazi kwa mwezi, ni GB 20 kamili: bando lenu lile lile lililoisha siku tatu. Kikomo hiki hakijirudishi chenyewe asubuhi, kwa hiyo tengenezeni vocha za siku na mfute zilizotumika. Na kama ukurasa wa kuingiza vocha hautokei kwenye simu, mwambie mtu aandike 192.168.88.1 kwenye kivinjari. Hiyo ndiyo anwani ya kawaida ya MikroTik, na itauleta.

Sasa kompyuta mama, yaani ile inayotunza vilivyopakuliwa na kuvigawa kwa Wi-Fi bila intaneti, ambayo ndiyo moyo wa chumba. Wataalamu wengi watawashauri mnunue Raspberry Pi. Ni kifaa kizuri, kinakula wati tatu hadi sita tu, lakini umeme ukikatika ghafla kadi yake ya kumbukumbu huharibika kirahisi, na chaja dhaifu huifanya ijizime ovyo (alama ya radi kwenye kona ya skrini maana yake umeme hautoshi). Nyinyi mna laptop nne. Chagueni moja ambayo kibodi au skrini yake imechoka lakini betri yake bado inashika, muifanye kompyuta mama. Inakula zaidi, wati 15 hadi 20, lakini ina betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika haianguki. Ipangeni isilale mtu akifunga kifuniko.

Juu yake wekeni programu mbili za bure. Ya kwanza ni Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima kwenye faili moja na kuisomesha bila mtandao. Chukueni Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ni ndogo. Ya Kiingereza yenye picha zote inapita GB 100, hivyo kama mnaihitaji kwa wanafunzi wa sekondari chukueni toleo lisilo na picha. Ya pili ni Kolibri, ya shirika la Learning Equality, yenye masomo, video na mazoezi, na inaonyesha kila mwanafunzi amefika wapi. Ina sura ya Kiswahili. Msipakue masomo yake kijijini. Mtu mmoja abebe laptop na diski ya nje ya GB 500 hadi mjini, kwenye ofisi au shule yenye faiba itakayowakubalia, apakue huko. Mkirudi mnaingiza kutoka kwenye diski. Kolibri imetengenezwa ikijua mazingira ya namna hii na ina sehemu ya kuingiza masomo kutoka diskini.

Kompyuta mama ipewe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.88.10, na ichomekwe kwa waya kwenye MikroTik. Iingizeni kwenye orodha ya IP Bindings kama bypassed (isiyodaiwa vocha), na anwani yake muiweke kwenye Walled Garden ili hata asiye na vocha aisome. Mtu akiandika http://192.168.88.10:8080 kwenye simu yake, Kolibri inafunguka bila kugusa bando hata kidogo. Anwani hiyo iandikwe kwa kalamu nene ukutani. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa chini ya mwembe nje ya ofisi ya kijiji anaweza kusoma jioni nzima kwa Wi-Fi yenu na bando lisipungue.

Kuna faili za aina ya tatu ambazo hazimo kwenye programu yoyote, na kwa kijiji chenu huenda ndizo zitakazothaminiwa zaidi. Fungueni folda ya pamoja, muweke humo kila karatasi ambayo watu huifuata mjini kwa nauli ya boti: mwongozo wa mwaka huo wa maombi ya mkopo wa HESLB, fomati za mitihani za NECTA, maelezo ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, fomu za kujiunga kidato cha tano za shule walizopangiwa watoto wenu. Siku matokeo ya NECTA yanapotoka, mtu mmoja afungue ukurasa wa shule yenu ya kata, auhifadhi kwenye kompyuta mama, na kijiji chote kisome kutoka hapo. Ukurasa ule ni mwepesi. Mzigo ni watu 80 kuufungua kila mmoja kwa bando, saa ile ile tovuti imezidiwa.

Umeme sasa, na hapa hesabu haidanganyi. Laptop tatu za wanafunzi zinakula wastani wa wati 35 kila moja, jumla 105. Ongeza kompyuta mama 20, ruta mbili 14, taa mbili za LED 14. Mko kwenye wati 153. Paneli ya wati 200, kwa jua la kutosha la saa nne na nusu kwa siku na baada ya kutoa hasara za joto, waya na chaji, inawapa takriban Wh (wati-saa) 630. Betri ya Ah 100 ya volti 12 ina Wh 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya maji ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo hesabuni Wh 600. Gawanya kwa 153: mna muda wa saa nne, basi. Mkifungua kuanzia asubuhi, giza la jioni ni la lazima.

Na bado hamjahesabu simu za watu. Simu janja moja kutoka sifuri hadi kujaa inachukua Wh 18 hadi 20. Simu kumi ni kama Wh 200, theluthi ya umeme wote wa siku. Kama mnachaji simu za kijiji chumbani, huko ndiko jioni yenu inakoishia. Nashauri huduma ya kuchaji iwe na paneli na betri yake, au isiwepo kabisa hadi mtakapoongeza paneli ya pili.

Bila kununua kitu kikubwa mnaweza kuokoa umeme mwingi. Inverta inapoteza asilimia 10 hadi 15 ya kila kinachopita ndani yake, na hula hata ikiwa haina kazi. Ruta na taa za volti 12 zifungwe moja kwa moja upande wa volti 12 wa chaji kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri), na laptop zichajiwe kwa chaja za gari za kutoka volti 12 kwenda 19. Laptop zichomekwe saa sita mchana jua likiwa utosini, ili umeme uingie kwenye betri zao badala ya kuzunguka kupitia betri kubwa. Kontrola ipangwe ikate ikifika volti 12.0, maana betri ikipumzika kwenye 12.2 imebaki kama nusu tu. Betri iongezwe maji ya betri yanayouzwa dukani, kamwe yasiwe ya ziwani wala ya kisima. Madini yake huua sahani za ndani.

Paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa Kigoma iko kusini mwa Ikweta, na iinuke nyuzi 10 hadi 15. Ikilala kabisa, vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege vitaganda juu yake. Tazameni pia unene wa waya unaoshuka kutoka paani. Kwa umbali wa mita 10, waya wa 2.5 mm² hupoteza karibu volti moja na nusu paneli ikiwa na nguvu zote. Wa 6 mm² hupoteza zaidi kidogo ya nusu volti. Watu wengi hununua paneli ya pili ili kuziba hasara iliyoko kwenye waya wa bei rahisi. Na kwa kuwa ukanda wenu hupigwa sana na radi tangu mvua za Novemba, wingu likianza kujikusanya, kabla halijanguruma, chomoeni waya wa antena na wa paneli, fremu ya paneli iwe na waya wa kwenda ardhini.

Kuhusu mtandao wenyewe, vijiji vya mwambao wa kaskazini vina milima mgongoni na maji mbele, kwa hiyo mnara ulioko ng'ambo ya mlima hauwasaidii hata ukiwa karibu. Kabla ya kununua antena, chukueni simu moja yenye 4G na laini za mitandao yote inayosikika hapo. Fungueni mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, msome namba ya nguvu ya mawimbi (dBm). Kati ya −80 na −100 mko salama. −110 ni ya kubahatisha. Chini ya −115 msihangaike. Pimeni mlangoni, kwenye bati, na mita 30 pembeni, asubuhi na tena saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni. Mara nyingi kuhamisha ruta kutoka mezani kwenda dirishani linalotazama mnara kunaleta nafuu ambayo watu hudhani inahitaji antena. Ikibidi antena, iwe ya nje yenye waya mbili, inayobeba masafa ya 700 na 800 MHz yanayofika mbali, na waya zake zisipite mita tano. Zaidi ya hapo mawimbi yanapotelea njiani.

Halafu mpaka. Maeneo kama Kagunga, na hata Manyovu kule juu, simu inaweza kushika mnara wa Burundi bila mtu kugundua, na salio likaisha kwa gharama za nje. Kwenye ruta na kwenye simu za mafunzo zimeni data ya nje ya nchi, na mtandao uchaguliwe kwa mkono, usiachiwe simu ichague.

Sasa watu wazima waliotoweka, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko GB na wati zote. Siku ya kwanza mliwafundisha nini? Kama ni sehemu za kompyuta, kuwasha na kuzima, panya na kibodi, basi mama aliyeacha dagaa wake kwenye chanja akaja, aliondoka na maneno mapya lakini bila kitu cha kutumia. Somo la kwanza liishe na jambo analoondoka nalo mkononi siku hiyo hiyo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na jibu lake likasikika kabla hajatoka. Au kupiga \*106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wengine hukuta laini wasizozijua.

Kaeni karibu na mkono wake, mtaona kinachomkwamisha. Kidole kilichozoea kubonyeza kitochi kwa nguvu hukaa juu ya skrini muda mrefu. Simu inadhani anataka kuondoa programu, alama zinaanza kuhama, yeye anaamini ameiharibu na anairudisha mezani taratibu. Dakika kumi za kwanza ziwe za kugusa na kuachia tu, gusa na kuachia, kwenye kikokotoo ambako hakuna cha kuharibika. Kidole kilichokauka kwa chumvi na jua huenda skrini isikisikie kabisa. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Maandishi yakuzwe, simu iwekwe Kiswahili. Asiyejua kusoma afundishwe kwa sauti na kwa umbo la alama, asifichwe nyuma ya wenzake. Pale Kiha kinapoeleza haraka zaidi, mfundishaji aeleze kwa Kiha.

Kwenye huduma za fedha, \*150\*00# ya M-Pesa na nyingine kama hizo, watu hukwama kwa sababu menyu hujifunga yenyewe wakati mtu bado anatafuta namba ya kumtumia. Aandike namba na kiasi kwenye karatasi kwanza, ndipo apige. Na hapa kuna sheria moja isiyolegezwa: mfundishaji haijui namba ya siri ya mtu yeyote, hata mama akimsihi amwekee. Aangalie pembeni. Mazoea ya kijana kuijua namba ya bibi ndiyo mlango wa wizi mwingi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wafundisheni kuutuma kwenda 15040, kisha kuufuta.

Watu watatu kwa kifaa kimoja, wasizidi, na kifaa kiwe mikononi mwa anayejifunza. Kijana fundi anayenyakua simu na kusema "lete nikuonyeshe" anamaliza kazi lakini anamfukuza mtu. Mchagueni mwenye subira, hata kama ujuzi wake ni wa kawaida, na akina mama wafundishwe na mama mwenzao mkimpata. Dakika 90, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita zinatosha mtu kujitegemea kwenye simu yake.

Ratiba ifuate ziwa. Akina mama wa dagaa wana nafasi alasiri, baada ya kuanua, na hilo linaoana na hesabu ya umeme: saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Wavuvi wa taa hulala mchana, lakini siku za mbalamwezi hawaendi ziwani; wapangieni siku hizo. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyofanyika 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, huo ndio msimu wa kuendesha darasa lao mfululizo.

Mtakapoanza kuwajazia watu fomu za RITA, HESLB au Ajira Portal, vitambulisho vyao vitabaki kwenye laptop msipoangalia. Tumieni dirisha fiche la kivinjari, futeni folda ya vilivyopakuliwa kila jioni, na nenosiri aliandike mwenyewe kwenye daftari lake aende nalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata nyinyi wa chumba kimoja.

Mwisho, vocha. Zikiwa za bure hamna shida kubwa. Kabla ya kuziuza, hata kwa shilingi mia, andikeni barua kwa ofisi ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kanda yenu mueleze mnachofanya, kwa kuwa wenye vituo vya intaneti vya kulipia wanaweza kuwa na wajibu wao kwenye kanuni. Nakala ya barua hiyo mpeni mtendaji wa kijiji aitunze kwenye faili la chumba.